Tairi za inchi 35 kwenye ekseli za kiwandani: Land Cruiser 80 ndani ya Kapchorwa

Haya wakubwa, karibuni tena! Leo salamu fupi, maana kule juu Mlima Elgon mawingu yameshajikunja na nataka tukipande hiki kilima kabla mvua haijashuka. Tuko Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, ukishapita Sipi. Nyuma yangu ni Land Cruiser 80 ya mzee mmoja mkulima wa kahawa, ndiye yule pale kwenye kiti, anasema sura yake isionekane. Haionekani, mzee, usiwe na wasiwasi. Injini ni 1HZ, ile dizeli ya Toyota. Zaidi siielezi. Kama huijui 1HZ na unaishi Uganda, sijui huwa unapanda nini kwenda kijijini.

Kilichonileta ni miguu ya hili gari. Tairi za inchi 35! Na juu ya hizo tairi kila kitu ni kile kile gari lilichotoka nacho Japani: difu (lile boksi la gia kwenye ekseli), sivi jointi, beringi, breki. Mzee kabadilisha springi tu, kainua inchi mbili.

Sasa kwenye maoni mmenijazia swali moja: zinaingia? Jamani, kuingia zinaingia. Ukiinua kidogo, ukakata madigadi na pembe ya bampa, zinaingia. Ukiwa na grainda na roho ngumu hata tairi la trekta litaingia. Kuna mwenzetu mmoja mwenye chaneli kubwa kuliko yangu, simtaji, alifunga za 35 kwenye gari kama hili, akalizungusha uwanjani, akasema "hakuna shida, wanangu". Uwanjani! Kwenye nyasi! Mimi nimekuja kuliuliza gari swali lingine: zikishafungwa, nani analipa?

Tuanze na mizani. Mzee ana ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia kahawa, na tairi lake la zamani lipo stoo. Kijana wangu wa kamera, lete hapa. Hili la zamani, 275/70R16, bila rimu... kilo 19. Haya, sasa hili la akiba la 35, nalo bila rimu, nisaidieni kuinua, uuuh... 31. Kilo 31! Kilo 12 zimeongezeka kwenye kila pembe ya gari, na hizo haziko juu ya springi kama magunia ya kahawa. Ziko nje kabisa, mwisho wa ekseli, zinazunguka. Shikeni hiyo namba ya 12, nitairudia.

Urefu nao tuumalize. Hizi ni 315/75R16. Kwa hesabu ya namba za ubavuni, tairi jipya ni kama milimita 879 toka juu mpaka chini, la zamani 791. Tofauti 88. Watu wakisikia hivyo wanadhani gari limepanda sentimita tisa! Hapana. Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu imepanda nusu tu. Sentimita nne na nukta nne. Hivi vidole viwili na nusu ndivyo ulivyonunua. Na nikisema ulivyonunua namaanisha pesa kweli kweli, maana muuzaji mmoja Kampala alinitajia shilingi za Uganda milioni moja na nusu kwa tairi moja, na unahitaji tano, kwa sababu la akiba likiwa dogo siku ya pancha utaiumiza difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Milioni saba na nusu, vidole viwili na nusu. Pigeni hesabu wenyewe.

Lakini ngoja. Ngoja, nisiwe mnafiki. Panda twende.

(Sauti ya injini hapo, samahani, maikrofoni mpya bado iko njiani. Waliochangia, asanteni sana, nitawataja kwenye laivu. Laivu sasa ni Jumapili jioni, Jumamosi mnaniambia mko kwenye mpira.)

Mnaona huu udongo? Mwekundu, laini, juu umelowa na chini ni mgumu. Nimepunguza upepo mpaka psi 18. Gia ndogo, ya pili, nimefunga difu ya kati, mguu sitaki kuugusa... Angalia! Angalia linavyotambaa! Ile mifereji waliyochimba malori ya kahawa, gari lenye tairi za kawaida lingekuwa limeshakalia difu hapa. Hili linapita juu ya tuta la katikati. Oya, oya, oya! Hapa kuna jiwe... limepanda. Sikilizeni, mimi napenda hii kitu, siwafichi. Ukiwa na njia za hifadhi ya Pian Upe kwenda Nakapiripirit, ule udongo mweusi ukishalowa, tairi refu lenye upepo mdogo linakuwa na unyayo mrefu na gari linaelea. Nimecheka peke yangu humu ndani.

Ila mmeona nilivyoendesha? Kama nimebeba mayai. Usukani nimeunyoosha kila palipowezekana. Si kwamba nimekuwa mstaarabu uzeeni. Kuna kitu nakiogopa, na hapa ndipo nataka mkae, msiruke hii sehemu.

Kijana, shuka, njoo huku mbele. Usinichukue usoni, chukua nyuma ya gurudumu. Mnaliona hili tufe la chuma linalong'aa? Ndani yake kuna birfildi, sivi jointi ya ekseli ya mbele. Ni gololi sita za chuma kwenye mifereji yake, ndizo zinazopitisha nguvu ya injini hata gurudumu likiwa limekunjwa. Gurudumu likinyooka, zote sita zinagawana kazi. Mzee wangu, samahani nakusumbua, nikatie usukani kulia. Endelea. Mpaka mwisho. Hapo hapo!

Sasa gurudumu limekaa hivi. Huko ndani gololi zimekwenda mwisho wa mifereji, na kile kikombe cha nje pale mdomoni ukuta wake ni mwembamba. Mzigo hauko sawa tena, na umeegemea penye udhaifu. Kwa tairi la kiwandani Toyota walishapiga hesabu hiyo, lina nafasi ya kukosea. Sasa weka zile kilo 12 zangu. Gurudumu liko kwenye tope linazunguka bure, wewe umekata usukani mpaka mwisho, umekwama, umekasirika, watoto wa kijiji wanakucheka, umekanyaga mafuta. Linazunguka, linazunguka, halafu ghafla linakamata jiwe. Paa! Tairi lililoanza kuzunguka na uzito huo, likisimama ghafla, nguvu yake yote inarudi kwenye ekseli, na lazima kitu kimoja kikubali kushindwa. Ni pale linapokamata ndipo linapovunja. Likiwa linazunguka bure halivunji chochote.

Na birfildi isipovunjika, mwangalie aliye jirani yake. Difu ya mbele ya 80 kraun yake, ile gia kubwa ya duara, ni inchi 8, ya nyuma ni 9.5. Tena ya mbele pinioni, gia ndogo inayoizungusha kraun, imekaa juu na meno yamekatwa kwa ajili ya kwenda mbele. Ukirudi nyuma kwa nguvu, meno yanasukumana kwa upande wake dhaifu. Kwa hiyo rivasi, mlimani, usukani umekatwa, mguu chini... banange! Fundi wa Kisekka, kule kwenye spea Kampala, ameshaanza kuandika risiti yako. Na ukifunga loka ya mbele, ile inayoyalazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, juu ya hayo, ndiyo balaa kabisa, maana sasa gurudumu moja lenye mshiko linaweza kupokea nguvu yote peke yake.

Nyamazeni kidogo. Mzee, tembeza polepole hivyo hivyo usukani ukiwa umekatwa... Mnasikia? Hakuna kitu. Safi. Ingekuwa imelika mngesikia ka-ka-ka-ka kwenye kila kona kali. Mafundi wazee wana ujanja wao hapo: kabla ya kununua mpya wanahamisha birfildi ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, gololi zinaegemea upande wa mfereji ambao haujalika. Kwa tairi za kawaida inakupa muda mzuri. Kwa hizi, mimi nisingelala usingizi.

Nipe kitambaa. Upande huu wa kulia napangusa... angalieni, imebaki grisi nyembamba, nyeusi, inanata. Ndivyo inavyotakiwa. Twende kushoto. Mmh. Kijana, karibu zaidi, weka taa. Hii ni majimaji, inachuruzika mpaka ndani ya rimu. Nusa. Oili ya difu hiyo! Sili ya ndani imekwisha, oili inaingia na kuikoroga grisi, na birfildi sasa inaoga supu. Mzee, njoo uone.

Mzee anasema, "Hiyo ilikuwepo kabla ya tairi, bwana mdogo." Inawezekana kabisa, mzee wangu, sibishani na wewe. Ila irekebishwe kabla hujarudi shamba.

Sasa tumeliinua na jeki, kwa hiyo jambo moja la haraka. Shika tairi juu na chini, tikisa. Lina mchezo kidogo, mmeona? Sasa unajuaje ni beringi ya gurudumu au za kingpini, zile pini ambazo gurudumu hukunjia? Mzee, kanyaga breki, shikilia. Natikisa tena... mchezo umepotea. Basi ni beringi ya gurudumu, ikazwe. Ungebaki, ningewaambia kingpini. Fundi akikudai pesa ya kingpini bila kukanyagisha mtu breki, mwage kwa heshima. Na kama umenunua zile rimu pana zinazotoka nje ya bodi, beringi hizi ndizo zinazobeba urembo wako.

Nimesahau lami. Kwenye barabara ya Mbale nililiona hili gari linapumua. Tairi limekua kwa asilimia 11, kwa hiyo ile difu ya 4.10 (propela inazunguka mara 4.10, gurudumu mara moja) sasa inafanya kazi kama 3.7, na 1HZ haina tabo ya kuisaidia. Gia ya tano ikawa ya mapambo tu kwenye milima. Breki nazo, zinahitaji nguvu zaidi kulisimamisha gurudumu refu, na ile miteremko ya Sipi haina mzaha. Halafu mita inadanganya: ikisoma 90, wewe uko 100. Kwenye ile barabara ya Entebbe utajiona mtu mwema na kamera isikubaliane nawe.

Watu wa Patrol nawasikia mnacheka. Chekeni. Ekseli ya mbele ya Y61 ni nene, nakubali, nimepata moja ya kujaribu na video itakuja, kwa hiyo bonyeza kengele hiyo. Watu wa Prado 120 nyinyi nyamazeni kabisa, ya kwenu mbele haina hata ekseli nzima ya kujadili.

Sasa, ningefanya nini mimi? Kama tairi umeshanunua, usirudishe, ila pesa inayofuata isiende kwenye taa za juu. Iende kwenye difu za 4.88, mbele na nyuma zote mbili, na sili mpya, na birfildi za chuma kigumu zaidi siku ukiweza. Hapo injini inarudishiwa nguvu yake na huna haja ya kukanyaga kwa hasira, na hasira ndiyo inayovunja. Lakini kama bado hujanunua, chukua 285/75R16. Ni inchi 33 kasoro. Unapata sentimita mbili za difu badala ya nne, sawa, najua, haipendezi kwenye picha. Shusha upepo mpaka psi 18 na nakuhakikishia hiki kilima unakipanda vile vile. Mimi mwenyewe ndizo ninazotembelea na sijaona pa kuzibadilishia... ingawa leo, kule kwenye mifereji, roho imetamani. Imetamani sana.

Mzee hapa anataka kusema kitu. Anasema amenisikia, na tairi haziondoi. Haya! Anasema barabara ya shamba lake haina 33. Mzee, mimi sina la kuongeza, ila hiyo sili ya kushoto naomba ifanywe wiki hii.

Stika za chaneli zipo, elfu tano, ukiwa Mbale au Kampala nakuletea mwenyewe. Na wewe unayetaka kuniandikia kwamba ndugu yako ana 37 kwenye 80 na hajavunja kitu tangu aifunge, andika, nasoma zote, ila weka na video yake akirudi nyuma mlimani usukani ukiwa umekatwa.