Sony MDR-7506 kwa sikio la anayejifunza uprodyuza: uzoefu wangu, Mtwara

Anayetaka jibu la haraka nampa hapa hapa: hedifoni hizi zinamfaa mtu anayetaka kusikia biti imejengwa vipi. Anayetafuta besi ya kutikisa kifua abaki na sabufa yake. Mimi nilikuwa nalitafuta hilo la kwanza na nimelipata, kwa hiyo maelezo yanayofuata ni ya wenzangu wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala wanaojifunza kutengeneza muziki chumbani kwa laptopu, mbali na studio ambako mtu angekaa nyuma ya prodyuza akatazama mikono yake.

MDR-7506 si kitu kipya. Sony waliitoa mwaka 1991, ikifuata nyayo za MDR-V6 ya mwaka 1985, na mpaka leo inauzwa. Zinafunika sikio lote, zimezibwa kwa nyuma, spika zake za ndani zina upana wa milimita 40 na ukinzani wake ni omu 63. Hiyo namba ya mwisho ina maana kwetu, kwa sababu simu ya kawaida inaziendesha vizuri bila amplifaya ya pembeni. Waya ni wa kujikunja, ukiuvuta unafika kama mita 3. Ndani ya boksi kuna adapta ya kufunga kwa kuzungusha, kwa ajili ya tundu kubwa la mikisa. Zangu aliniletea binamu kutoka Kariakoo, zikaja na basi, na zilinigharimu zaidi ya laki tatu. Ni hela nyingi, nakubali. Kwa hela hiyo huku unapata sabufa ya maana kabisa.

Na hapo ndipo penye mazungumzo. Sisi tuliokulia Chikongola, Magomeni au Ligula, muziki tumeujua kwa sabufa na kwa spika za shughuli. Sabufa inaongeza besi kwenye kila wimbo, wimbo uwe unaihitaji au hauihitaji, na ukizoea hivyo unaanza kuamini kwamba nyimbo zote zina besi moja. Sivyo. Chukua ile besi ndefu inayovuma chini ya nyimbo za trapu, aina ya hip hop. Asili yake ni Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotoka Japani mwaka 1980 na kuachwa kutengenezwa mwaka 1983, baada ya kutoka kiwandani kama 12,000 tu. Kiki yake, yaani pigo la ngoma kubwa, haikurekodiwa kutoka kwenye ngoma yoyote. Ni saketi inayotoa wimbi la chini sana, karibu hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na ukirefusha mkia wake, kiki inageuka kuwa noti ya besi. Spika ya simu haiwezi kuitoa hezi 50. Ndiyo maana maprodyuza wengi huikwaruza ile 808 kidogo, ipate sauti za juu ambazo simu inaziweza, na sikio la msikilizaji likajazia besi lenyewe. Kwenye sabufa mkwaruzo huo unamezwa. Kwenye hedifoni hizi nausikia umekaa mahali pake: chini kuna besi safi, juu yake kuna ukwaruzo, na mwanzoni imewekwa kiki nyingine fupi ili noti ipate ncha. Kitu nilichokuwa nakiita besi kikawa vitu vitatu, na kila kimoja kuna mtu alikaa akaamua kiwe kiasi gani.

Muziki wa elektroniki umenufaika zaidi ya yote. Watu wengi huku wanaona hausi na tekno ni jambo moja linalojirudia mpaka asubuhi. Noti zinajirudia kweli, lakini sauti haijirudii. Roland walitengeneza TB-303 mwaka 1981 ili mpiga gita asiye na mpiga besi apate wa kumsindikiza. Sokoni haikufua dafu. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakaichukua, wakawa wanazungusha vitufe vya kichujio (filta inayokata au kuachia sauti za juu) huku mashine ikiendelea kupiga, na rekodi waliyoitoa mwaka 1987 ikazaa esidi hausi. Nikisikiliza muziki wa aina hiyo kwa MDR-7506 naweza kuufuata mkono wa mtu: kichujio kinafunguka taratibu, kinapiga ukelele, kinafungwa kabla ya ngoma kurudi. Vilevile ule mhemo wa nyimbo nyingi za hausi za Ufaransa, ambapo muziki wote unarudi nyuma kila kiki inapogonga kisha unapanda tena. Hiyo ni kompresa, kifaa cha kubana nguvu ya sauti, iliyoelekezwa iisikilize kiki na kuvisukuma vinanda chini. Kwa spika ya kawaida unauhisi tu mwilini. Kwa hizi unaweza kusema vinanda vinachukua muda gani kupanda, ukaenda kwenye laptopu ukajaribu kufanya vilevile.

Kwa upande wa hip hop, kilichonifungua zaidi ni wakati, yaani pigo linaangukia wapi. Prodyuza J Dilla wa Detroit, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 32, alijenga biti zake kwa Akai MPC3000, mashine ya kupangia biti, na mashine yake sasa imo kwenye makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, Washington. Mashine ya namna ile inaweza kulisahihisha kila pigo likae kwenye mstari. Dilla aliachia mapigo yatoke nje ya mstari, moja likiwahi, jingine likilegea, huku la tatu limenyooka katikati yao. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, robo ya pigo ni kama milisekunde 167, na mchezo wake wote unafanyika ndani ya vipande vidogo kuliko hapo. Spika ikiwa na besi nzito inayochelewa kunyamaza, vipande hivyo vinaunganika. Hedifoni hizi zinanyamaza haraka, na hiyo ndiyo sifa yake ninayoipenda kuliko zote.

Nilimvalisha mjomba wangu, ambaye ujanani alipiga ngoma za sindimba. Sikumweleza chochote. Alisikiliza mpaka biti ikaisha, kisha akaniambia, "Mpwa wangu, huyu wa ngoma ndogo anamvuta mwenzake makusudi. Anataka mchezaji aingize mguu hapo." Nikamwambia, "Mjomba, hapo hakuna watu wawili, ni mtu mmoja na mashine." Akajibu kwamba basi mtu huyo amewahi kukaa na wapigaji. Halafu akazivua na kusema muziki huu hauna kifua. Yuko sahihi. Ngoma unaipokea kwa mwili mzima, hedifoni inaishia masikioni, na hakuna bei itakayobadilisha hilo.

Kuna jambo jingine dogo la hip hop ya zamani ambalo sikutarajia kulisikia waziwazi hivi: vumbi. Mashine ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilihifadhi sauti kwa ubora mdogo wa biti 12 tu (bit za kompyuta, si biti za muziki), na kumbukumbu yake ya sampo, yaani vipande vya sauti vilivyochukuliwa kwenye rekodi nyingine, ilikuwa ya kama sekunde 10 kwa jumla. Maprodyuza wa New York waliipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili sampo iingie ikiwa fupi, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Ule ukavu wa chengachenga juu ya piano na tarumbeta umetokana na kubana nafasi. Nikiusikia sasa natambua ni mashine inayoongea, si ubovu wa rekodi.

Singeli nayo ilinipa somo. Ni muziki wetu wa elektroniki, umetoka mitaa ya Manzese na Tandale, na tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, mwaka 2017, wasikilizaji wa Ulaya nao wanaufuata. Wengi wanaulaumu kwamba ni kelele. Vaeni hedifoni nzuri muusikilize upya. Kwa mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna robo sekunde. Ukiweka mwangwi mrefu kuliko huo, kila pigo linaangukia kwenye mabaki ya lililotangulia na biti nzima inakuwa uji. Kwa hiyo singeli iliyotengenezwa vizuri ni kavu, sauti zake ni fupi, na kipande cha kinanda cha taarabu kilichokimbizwa kimekatwa kwa uangalifu mkubwa. Mtu anayeweza kupanga vitu vyote hivyo ndani ya robo sekunde ni fundi, na naomba tumheshimu kama fundi.

Hivi sasa nazitumia kwa kazi inayonipa furaha. Nimerekodi ngoma ya mjomba ikiwa baridi, kisha baada ya kuipasha moto ngozi ikakaza. Noti inapanda, hilo kila mpigaji analijua, ila kwa hedifoni hizi niliweza kuishika noti yenyewe na kuisogeza 808 mpaka zikaacha kugombana. Sabufa ingeniambia zote ni besi.

Sasa tahadhari. Sauti za juu za MDR-7506 ziko mbele. Mchanaji akiwa na "s" na "sh" kali, na Kiswahili kinazo nyingi, utazisikia zinachoma. Kwa kazi hiyo ni faida, maana unajua pa kupunguza kabla wimbo haujafika redioni. Kwa kusikiliza tu kwa muda mrefu zinachosha, hivyo mimi naweka sauti ya chini na kupumzika. Msimalizie miksi kwa hedifoni peke yake. Nikimaliza naisikiliza kwenye simu, halafu kwenye sabufa ya jirani, kwa sababu huko ndiko wimbo utakakoishi.

Faili nazo ziangalieni. Nyimbo tunazorushiwa vibandani kwenye memori kadi nyingi ni MP3 zilizobanwa sana. Kwa kilobiti 128 haihati (sahani ndogo za ngoma) inasikika imelowa, na mara nyingi kila kitu kilicho juu ya hezi 16,000 kimeshakatwa. Mtu akizijaribu kwa faili kama hizo atasema hazina tofauti na za elfu kumi. Tafuteni faili nzima, hata kama bando litaumia kidogo.

Joto la huku ni la kulizungumzia. Kwa kuwa zinafunika sikio lote, mchana wa Desemba kabla mvua haijanyesha utatokwa jasho. Nazitumia usiku, feni ikiwa upande wa pili wa chumba ili isiingilie ninachokisikia. Mito ya masikio ni ya ngozi bandia, na hewa ya bahari haina urafiki na ngozi bandia ya aina yoyote, kwa hiyo zifuteni jasho na kuzirudisha kwenye mfuko wake. Mito ya kubadilisha inauzwa kirahisi. Waya hauchomoki, basi msiukalie na kiti. Na kwa kuwa mfano huu ni maarufu, bandia zake zipo, nunueni kwa mtu mnayeweza kumrudia.

Kama kazi yako ni kupiga muziki kwenye shughuli, hela hii iweke kwenye spika. Kama una laptopu yenye programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio, una biti zisizoisha, na ukisikiliza kazi za P-Funk Majani au za maprodyuza wa Sisso unajiuliza walifanyaje, nunua hizi kabla hujanunua maikrofoni. Simu yako ikiwa haina tundu la hedifoni, agiza na adapta yake kwa mzigo huohuo.