Kulia jiko, kushoto barafu: mishikio yangu ya kupasha moto

Wenzangu wa sokoni walinicheka: Mwanza hii ya jasho, nani anafunga mishikio ya umeme ya kupasha mikono kwenye usukani wa pikipiki? Waje siku moja saa kumi alfajiri, mvua imetoka kunyesha, tutoke wote Kisesa kufuata dagaa soko la Mwaloni. Ukifika Kirumba vidole havifungui hata fundo la hela.

Nilinunua jozi ya volti 12 kwa elfu themanini. Fundi wa kwanza akafunga, akachukua chake. Kesho yake mkono wa kulia kama umeshika kikombe cha chai ya rangi. Wa kushoto, wa klachi, baridi ileile. Nikamrudia. "Bosi, hii feki, nunua nyingine."

Nikaenda Igoma kwa mzee mmoja wa umeme wa magari. "Mwangaluka, mzee." Hata spana hakushika. Alichomoa soketi zote mbili, akapima ukinzani wa umeme kwa mita: kulia omu 8, kushoto omu 8. "Kijana, umeme wako sawasawa. Joto linaliwa na chuma."

Kumbe mshikio wa kulia umevaa juu ya bomba la plastiki la mkono wa mafuta, na plastiki haipitishi moto haraka. Wa kushoto umekalia usukani wenyewe, chuma kitupu, kinanyonya joto lote. Kuna mishikio ambayo wa kushoto hupewa nguvu zaidi kufidia hilo. Yangu inalingana pande zote.

Akauchomoa wa kushoto taratibu, akavisha usukani ule mpira mwembamba wa kufunikia waya, akaupitishia moto ukasinyaa ukashika. Kurudisha mshikio ndiyo ilikuwa kazi, maana tundu lilikuwa limebana. Maji ya sabuni, kusukuma, kuzungusha, jasho. Pikipiki ikalala kwake ikauke. Alinitoza elfu kumi.

Sasa kushoto kunachelewa dakika chache tu, kisha mikono inalingana. Mzee alinionya pia kwamba waya wa kulia ndio hukatika mapema, kwa sababu unapinda kila ukivuta mafuta, hivyo akauachia ulegevu kidogo.

Lawama yangu kwa bidhaa ni swichi. Haijizimi. Mishikio miwili inakula wati 36 hivi, na yule fundi wa kwanza aliiunga moja kwa moja kwenye betri. Niliisahau mara moja tu pale Mwaloni, betri ikaisha. Nikasukuma pikipiki na gunia la dagaa juu yake, wale wale wakicheka.