Tairi za milimita 45 kwenye changarawe: uzoefu wangu wa miezi sita

Kwa miaka miwili niliendesha baiskeli yangu kwenye njia za changarawe na tairi zenye upana wa milimita 38, nikizijaza hadi PSI 60 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) kabla ya kila safari. Ubavuni mwake paliandikwa mwisho 75, nami nikaona 60 ni kadiri tu. Viganja vilikuwa vinakufa ganzi ndani ya saa moja, nikalaumu glavu, kisha usukani, kisha kiti. Kumbe ile 75 ni mpaka usiovukwa. Upepo unaokufaa wewe unategemea uzito wako, upana wa tairi na njia unayopita.

Miezi sita iliyopita nikafunga za milimita 45. Ukitaka kufanya hivyo, pima fremu kwanza, na usiamini namba ya tairi peke yake. Rimu zangu zina upana wa ndani wa milimita 25, na juu yake tairi hizi zimetanuka hadi 46 na nusu. Mimi hupitisha ufunguo wa pembe sita wa milimita 6 kati ya tairi na fremu, kila upande. Ukikwama, tairi ni nene mno, maana kijiwe kimoja kilichonata kitakwangua fremu safari nzima.

Kazi hasa ilikuwa kutafuta upepo. Nina kilo 74. Nilichagua mzunguko mmoja mfupi wenye mawe, kona mbili kali na kipande chenye makunyanzi kama bati, nikaanza na PSI 40 mbele na nyuma, kila nikirudi natoa 3. Kwenye 40 bado meno yaligongana. Kwenye 34 gurudumu likaacha kurukaruka, likawa linakanyaga kila kunyanzi. Kwenye 28 nilipiga pedali nikiwa nimekaa pale ambapo zamani nilisimama. Kwenye 25 tairi ya nyuma ikagonga jiwe, nikasikia rimu ikilia "kang!", na hatua chache mbele upepo ukaisha. Tyubu ilikuwa na matundu mawili sambamba, kama imeumwa na nyoka: imebanwa kati ya jiwe na rimu. Tairi ya mbele nayo ilikuwa imeanza kulegea kwenye kona.

Nikatulia kwenye 28 mbele na 31 nyuma. Nyuma panahitaji zaidi kwa sababu ndiko uzito mwingi unakoegemea.

Niliogopa kwamba tairi laini itanichelewesha. Kwenye lami laini, ndiyo, inavuma na naisikia nzito. Kwenye mawe ni kinyume kabisa. Tairi ngumu hulazimika kuinua baiskeli na mwili wako juu ya kila jiwe, na nguvu za miguu zinaishia kutikisa nyama zako. Iliyolegea kiasi hulimeza jiwe, wewe unaendelea mbele. Na upana ndio unaokuruhusu kushuka hivyo: zile za 38 kwa PSI 28 zingetoboka siku ya kwanza.

Jambo moja karibu linipotoshe: geji ya pampu yangu ya mguu inafika 160, hivyo kati ya 28 na 31 sindano husogea upana wa unywele tu. Nilinunua geji ndogo ya kidijitali, na nusu ya mashaka yangu ikaisha hapo hapo. Pima kila siku ya safari, kwa kuwa tyubu huvuja kidogo kidogo hata bila tundu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa ajili ya tope la mfinyanzi. Hujaa kati ya vinundu vya tairi, likapanda hadi kwenye fremu, na ile nafasi ya milimita 6 ikaziba gurudumu likagoma kuzunguka. Mvua zikikolea narudisha zile za 38, ila sasa nazitia PSI 38 mbele na 42 nyuma.