Udongo Mwekundu wa Karura na Udongo Mweusi wa Embakasi

Katika jiji la Nairobi, udongo wa Karura na ule wa Embakasi hutofautiana sana, ingawa kwa kiasi kikubwa yote miwili imetokana na miamba ya volkeno.

Upande wa Karura na Kabete, ardhi imeinuka, ina miteremko, na hupata mvua nyingi zaidi. Maji hupenya chini na kupita, yakichukua chumvichumvi zinazoyeyuka kwa urahisi na kuacha madini ya chuma, ambayo yakikutana na hewa huupa udongo wekundu wake. Mizizi, mchwa na majani yanayooza huendelea kuuchanganya, hata ukawa wenye kina kirefu na usiotuamisha maji.

Embakasi ni tambarare, na mvua yake ni chache. Maji hayana pa kwenda, kwa hiyo madini yaliyooshwa kutoka kwenye miinuko hubaki pale na kujenga mfinyanzi mweusi unaovimba unaponyeshewa na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. (Wajenzi wanaufahamu vyema: huuchimba na kuuondoa kabla ya kuweka msingi.) Weusi huo huwafanya wengi waudhanie kuwa na mboji tele, jambo ambalo si lazima liwe kweli.

Muda nao una nafasi yake katika kuunda udongo, lakini kwa Nairobi naona umbo la ardhi, pamoja na mvua, ndilo lenye uzito kuliko aina ya mwamba.