Rangi za Contrast kwenye askari wa kaki: uzoefu wangu Nairobi

Nimepaka jeshi dogo la vijisanamu vya mchezo wa mezani wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa rangi za Citadel Contrast: King's African Rifles (KAR), askari wa Waingereza, upande mmoja, askari wa Wajerumani upande wa pili, pamoja na wapagazi wa Carrier Corps, wale walioachia mtaa wa Kariokor jina lake. Wanaoniuliza kama rangi hizo zina thamani ya bei yake nawajibu kwamba zinayo, mradi mtu asifuate maelekezo ya kawaida anapofika kwenye ngozi.

Kwa asiyezijua, Games Workshop, kampuni ya vijisanamu ya Uingereza, ilizitoa mwaka 2019. Kikopo kina mililita 18 za rangi nyepesi inayoonyesha kilicho chini yake. Ukiipaka juu ya andakoti (rangi ya awali ya kushikia) ya krimu au ya kijivu hafifu, huteremka kutoka kwenye matuta na kutuama kwenye mikunjo, basi mpako mmoja unakuachia rangi, kivuli na mwanga. Zamani hizo zilikuwa hatua tatu: rangi ya msingi, maji ya kivuli, kisha brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa rangi ikagusa matuta tu. Mwenye askari watano mezani hataona tofauti kubwa. Mwenye hamsini, na kazi ya kuajiriwa, na foleni ya Jogoo Road jioni, ataiona.

Shida ya Nairobi huanzia kwenye andakoti. Kampuni ina andakoti zake za kupuliza, Wraithbone na Grey Seer, lakini rangi ya kupuliza ina gesi iliyoshindiliwa inayowaka, na mashirika ya ndege hayairuhusu kwenye mizigo ya abiria. Kwa hiyo shemeji yangu akija likizo kutoka Leicester hawezi kuniletea. Vikopo vya rangi ya maji huvileta bila wasiwasi, ingawa bado haamini kwamba mtu mzima ananunua rangi za ukubwa huo na si za kucha. Wengi wetu hukimbilia Kirinyaga Road kununua praima ya magari. Kwenye vijisanamu vya chuma inashika vizuri, ila chagua kwa makini: ile nzito ya kujaza mikwaruzo imetengenezwa ifukie mabonde, na mabonde ya uso wa kijisanamu cha milimita 28 ndiyo macho na mdomo. Mimi natumia Wraithbone ya kikopo, ile ya brashi, nikiizimua kwa maji kidogo na kupaka mara mbili. Andakoti ya kampuni ya Vallejo, Surface Primer, nayo ni ya maji na inasafiri vilevile. Ukiwa na mashine ndogo ya kupuliza, hata kama ni ile ya wapambaji wa keki, hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Sasa ngozi. Video nyingi za mafunzo zinahusu uso wa mzungu: Guilliman Flesh juu ya krimu, kazi imekwisha. Anayetaka mtu mweusi huambiwa achukue kahawia iliyokoza, Wyldwood au Cygor Brown, apake vivyo hivyo juu ya krimu. Haipendezi, na sababu iko wazi. Rangi hizi hufanya kazi kwa kuacha andakoti ichungulie juu ya matuta. Andakoti ikiwa ya krimu na rangi ikiwa nzito kiasi hicho, pua na kipaji cha uso vinabaki na weupe, mashavu yanaingia michirizi, na askari wako anaonekana amepauka kama mtu aliyeoga akatoka bila kujipaka mafuta. Ngozi nyeusi haing'ai kwa weupe. Jua likiipiga, sehemu zilizoinuka hurudisha wekundu au shaba.

Kwa hiyo nabadilisha kilicho chini. Uso, mikono na miguu naipaka kwanza kahawia ya wastani, rangi ya kawaida inayofunika, yenye wekundu kidogo. Ndipo Wyldwood inapita juu, nimeichanganya nusu kwa nusu na Contrast Medium, kizimuo chake kisicho na rangi. Usiizimue kwa maji matupu, yakizidi inakauka na pete ukingoni. Mwisho narudisha ile kahawia ya msingi, sasa ikiwa na tone la rangi ya chungwa, kwenye kipaji, pua na mifupa ya mashavu tu. Nyeupe haiingii kabisa. Na msingi nabadilisha kutoka askari mmoja hadi mwingine, kwa sababu KAR ya 1914 ilikuwa na vikosi vya Nyasaland, Uganda na Afrika Mashariki ya Kiingereza. Kuwapaka wote kahawia moja ni uvivu ambao hakuna anayewafanyia wanajeshi wa Napoléon.

Kwenye kaki hakuna ubishi. Aggaros Dunes kwa mashati na kaptura, Skeleton Horde kwa mikoba na kwa vile vifuniko vya kofia za fezi za askari wa Wajerumani, Snakebite Leather kwa mikanda na viatu. Mizigo ya wapagazi ndiyo inayofurahisha zaidi, maana kikapu, kamba na turubai vyote vina mistari na mabonde, na rangi inajitafutia njia yenyewe. Brashi nazinunua kwenye maduka ya vipodozi ya Dubois Road: nyembamba za kuchora kucha kwa maelezo madogo, na za kujipodoa, zile laini za mviringo, kwa brashi kavu.

Sehemu tambarare ni habari nyingine. Rangi ya aina hii, iwe Contrast, Speedpaint ya The Army Painter au Xpress Color ya Vallejo, haina bonde la kukimbilia kwenye ubavu wa gari la deraya, hivyo inatuama ilipo na kuacha madoa. Hapo tumia rangi ya kawaida. Vilevile hukwanguka kwa kushikwashikwa, kwa hiyo vanishi isiyong'aa ni lazima kabla ya mchezo. Januari na Februari hewa ikiwa kavu, paka mkono wa shati mmoja mmoja, usiache ukingo ukauke ukiwa kwenye mwingine.

Mandhari ya meza sikuyapaka Contrast na sikushauri uyapake. Nilikuwa najenga Salaita, kile kilima karibu na Taveta ambako Wajerumani waliwarudisha nyuma Waingereza na Waafrika Kusini tarehe 12 Februari 1916, na kilima kinakunywa rangi. Kikopo kimoja, ukijumlisha gharama ya kukileta, kilinigharimu zaidi ya lita nzima ya rangi ya ukutani. Povu jeupe la kufungashia televisheni linapatikana bure Luthuli Avenue ukiongea vizuri. Lichonge, lipake gundi nyeupe ya mbao, nyunyiza mchanga, liache likauke, na usilipulizie rangi ya kopo likiwa wazi kwa sababu viyeyushi vyake hulila. Kisha rangi ya ukutani nyekundu ya udongo wa kule, brashi kavu ya rangi ya mchanga, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika na kukaushwa chini ya vichaka.

Ukiwa na pesa za vikopo vitatu tu, nunua Snakebite Leather, Wyldwood na Medium. Kaki unaweza kuichanganya mwenyewe.