Mapango ya Amboni au Magofu ya Tongoni?

Mgeni wa Tanga akiuliza pa kwenda kutembea, karibu kila mtu humtajia Mapango ya Amboni, na jibu hilo si baya. Yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji, upande wa barabara iendayo Horohoro, na bodaboda wote wanapafahamu. Ndani ni giza totoro, popo wamejaa darini, na mwamba wa chokaa uliochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka umetoa maumbo ambayo mwongozaji huyamulika kwa tochi moja baada ya jingine, huku akieleza kuwa hili ni simba na lile ni ramani ya Afrika. Zaidi ya maumbo hayo, nilivutiwa na mahali pa matambiko, kwa sababu sadaka zilizoachwa pale zinaonyesha kuwa kwa wenyeji pango si kivutio tu. Hadithi ya kwamba njia yake hutokea Mombasa ni tamu, lakini upimaji wa mwaka 1994 ulibaini mapango 10 yasiyoungana, na refu kuliko yote lina mita 900. Kwa kuwa zipo sehemu za kuinama hadi kutambaa, kanzu na viatu vya visigino vibaki nyumbani.

Hata hivyo, mwenye nafasi ya kwenda mahali pamoja tu ningemshauri aelekee kusini, kilomita 17 hivi kwa barabara ya Pangani, hadi Tongoni. Hapo pana gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, lililozungukwa na makaburi zaidi ya 40, na hakuna kwingine katika mwambao wa Afrika Mashariki palipokusanyika makaburi ya minara, yaani yaliyojengewa nguzo ndefu ya mawe, mengi kiasi hicho. Minara mingi imeanguka. Iliyosalia itazame kwa utulivu, hasa vishimo vilivyopachikwa bakuli za kauri kutoka China, maana humo ndimo unapouona ukwasi wa mji uliofanya biashara ya ng'ambo kabla Wareno hawajafika. Mandhari ya Tongoni hayamshangazi mtu papo hapo kama giza la Amboni, na asiyejua historia ya Waswahili anaweza kuondoka akidhani ameona kuta mbovu tu. Kwa hiyo ni vyema kutembea na mtu wa kueleza.

Anayetaka kote kuwili kwa siku moja aanze Tongoni asubuhi na mapema, kisha aende Amboni jua likiwa la utosi, kwani pangoni halimfikii.