Uwanja wa ndege wa St Helena: huduma nzuri, andiko bovu

Kutoka Mbeya, safari ya St Helena, kisiwa cha Uingereza katika Atlantiki ya Kusini, inaanzia uwanja wa ndege wa Songwe. Unaruka hadi Dar es Salaam, unaunganisha Johannesburg, unalala huko, kisha unapanda Airlink, shirika lenye safari za ratiba za kwenda kisiwani. Siku yake kuu ni Jumamosi. Msimu wa wageni ukifika huongezwa safari ya katikati ya wiki, lakini nje ya msimu ukiachwa na ndege ya Jumamosi, hesabu siku saba.

Hata hiyo moja ni neema. Kabla ya tarehe 14 Oktoba 2017 hapakuwa na ndege ya abiria ya ratiba. Watu walitegemea meli, RMS St Helena, siku tano hivi baharini kutoka Cape Town. Mgonjwa aliyehitaji tiba isiyopatikana kisiwani alisubiri meli kama wengine. Leo anaweza kufikishwa hospitali kubwa ya Afrika Kusini siku ileile anayopanda ndege. Kwa huduma hiyo peke yake tunaupa uwanja alama za juu, bila kusitasita.

Tatizo ni kwamba andiko la mradi liliahidi makubwa zaidi, na hapo ndipo afisa mipango wa halmashauri yoyote huku kwetu anapaswa kusoma kwa kalamu mkononi.

St Helena ni kilomita za mraba 122 katikati ya Atlantiki ya Kusini, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 4,400 na ushee, idadi ya kata moja ndogo. Baraza wanalichagua wenyewe, ila gavana anateuliwa Uingereza, na sehemu kubwa ya bajeti ni ruzuku ya Uingereza. Mwenye fedha ndiye aliyetaka kuondokana na ruzuku. Hesabu ikawa hivi: jenga uwanja, watalii waje, kodi ipande, ruzuku ipungue mpaka ikatike. Serikali ya Uingereza ikatoa takriban pauni milioni 285, na makisio yakasema ifikapo 2042 wageni watakuwa karibu 30,000 kwa mwaka.

Sasa chukua kikokotoo. Airlink ilipoanza ilitumia Embraer E190, ndege ya viti karibu 100, lakini iliuza viti 76 tu. Sababu ni uzito: ndege inayokwenda kisiwa kilicho peke yake lazima ibebe mafuta ya kutosha kugeuza na kufika kwingine ikishindwa kutua, na kila tani ya mafuta ya akiba inakula viti. Viti 76 mara wiki 52 ni 3,952. Safari mbili kila wiki mwaka mzima, 7,904. Na humo wamo wenyeji wanaorudi nyumbani, wagonjwa na watumishi wa serikali. Hao 30,000 wangeingia kwa mlango gani?

Waandishi wa mpango watajibu kwamba walitegemea ndege kubwa zaidi, Boeing 737-800. Ni kweli, na hapo ndipo upepo ulipowaumbua. Uwanja uko juu ya genge, karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari, na ili kupata barabara ya kurukia ya mita 1,950 ilibidi bonde zima lijazwe mawe, kama mita za ujazo milioni 8. Songwe, kwa kulinganisha, ina zaidi ya mita 3,300 na hakuna bonde lililojazwa. Upepo wa kusini mashariki unavuma karibu mwaka mzima, unagonga vilima na kingo za genge, kisha unavurugika. Rubani anayeingia kutoka kaskazini anakuwa na upepo mzuri wa mbele, halafu unakatika ghafla au unageuka. Mabawa yanapungukiwa nguvu ya kunyanyua wakati ardhi imeshakaribia. Aprili 2016 ndege ya majaribio ya aina ya 737-800 ilipata shida hiyohiyo, na ufunguzi uliopangwa Mei ukaahirishwa. Zege lilikuwa limeshamwagwa.

Kinachokera ni kwamba haikuwa siri. Charles Darwin alipita kisiwani mwaka 1836 akashangaa ukingoni mwa genge: alipo yeye kumetulia, na hatua chache mbele upepo unavuma kwa nguvu. Mlingoti wa vipimo vya upepo na ndege ya majaribio kupita kwenye njia ya kutua ni gharama ndogo ukilinganisha na bonde la mawe. Abiria wa Songwe waliogeuziwa safari kwa ukungu, enzi barabara ya kurukia haijawekewa taa, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kutegemea kitu kimoja si kosa jipya huko. Kisiwa kiliwahi kuishi kwa zao la nyuzi lililotengenezewa kamba, na soko lake kubwa lilikuwa posta ya Uingereza. Posta ilipohamia nyuzi za viwandani, kiwanda cha mwisho kikafungwa mwaka 1966. Mkulima wa pareto wa Umalila au Mufindi anaijua hadithi hiyo. Kwake dawa za wadudu za maabara ndizo zilizoingia sokoni. Kahawa wanayo, aina ya Bourbon iliyoletwa kutoka Yemen mwaka 1733, tamu na ghali, lakini mashamba ni madogo mno kubeba bajeti ya serikali. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wasiwe na wasiwasi.

Cha ajabu, kitu tunachokiona kuwa na manufaa ya kiuchumi ya wazi zaidi hakina abiria: mkongo wa intaneti wa baharini, tawi la Equiano, mkongo mkubwa wa Google kati ya Ureno na Afrika Kusini, uliofikishwa ufukweni 2021 na kuanza kutumika 2023. Kabla yake kisiwa kizima kiligawana setilaiti. Mkongo haujali upepo, na kijana anaweza kuwafanyia kazi waajiri wa nje bila kuhama.

Alama zetu: kwa mgonjwa na mwenyeji, tano kwa tano. Kwa mtalii mwenye muda, nne. Kama mpango wa kukitoa kisiwa kwenye ruzuku, moja, na hiyo ni ya ujenzi, maana mkandarasi alilijaza bonde kweli.

Kwa anayekwenda: bima ya afya inayolipia kusafirishwa kwa ndege ukiugua ni sharti la kuingia, ikate kabla hujatoka Dar. Na tiketi ya Johannesburg kurudi Dar usiikate ya Jumapili asubuhi. Acha angalau siku mbili. Upepo ukikataa Jumamosi, ndege inasubiri.